Sahani za Watu Kumi na Saba

Kasongo, 9 Januari 2024

Shangazi yangu Amisa,

Asalamu aleikum. Natumaini Nourdine atakukuta barazani ukiwa mzima, na kwamba goti lako limetulia. Baba alipita hapa wiki jana akitoka Lusangi. Karanga zake zimekubali mwaka huu, ametuletea gunia zima, na amesema nikikuandikia nikuambie wewe dada yake kuwa yeye bado ana masikio ya kusikia habari zako. Mume wangu Mahamudu anakusalimu. Bado anauza vitambaa sokoni. Binti yangu Amani ametimiza miaka mitano, ameanza masomo, na anaandika jina lake kuanzia herufi ya mwisho.

Ningekupigia simu, lakini yangu ilitumbukia katika beseni la vyombo, nikaisugua pamoja na vijiko kabla sijagundua. Tena mnara wa huko Kabambare unaamka siku moja na kulala siku tatu. Ndiyo maana nimempa barua Nourdine wa pikipiki, yule anayeleta mchele huku.

Sasa jambo lenyewe. Tangu mwezi wa kumi na moja mama mkwe yuko Kindu kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Aliponiaga alinipa ufunguo wa ghala akasema, "Jiko iko yako." Shangazi, kwenye ua wetu, tukimhesabu na yeye, tunakula watu kumi na saba. Kuna sisi na watoto wetu wanne, kuna shemeji yangu na mke wake Safi na watoto wao, kuna wapwa wanaosoma hapa mjini, na mzee mmoja, mjomba wa Mahamudu. Kila siku napika, kila siku naosha, na kila asubuhi nakuta sahani za jana zinanitazama. Sufuria ya bugali imeganda. Nzi wamezaa. Mende wanatembea mchana bila haya.

Kabla ya mwaka mpya watoto watatu walianza kuharisha. Amani alilazwa siku mbili na sindano ya maji mkononi. Alipopona, Aimée, muuguzi wa kituo cha afya, alipita nyumbani kumwangalia. Aliingia mpaka jikoni, akasimama juu ya beseni langu. Maji yalikuwa ya kijivu, na vikombe ndani yake.

"Mama Amani," akasema polepole, "hawa watoto hakuna mutu aliwaloga. Angalia hii maji."

Nililia baada ya yeye kuondoka.

Kaka yake Safi aliye Lubumbashi alituonyesha kwenye simu mashine inayoosha vyombo yenyewe. Tulicheka. Hapa hata taa ni ya jua. Lakini wewe uliosha vyombo vya wasichana sitini kwenye bweni la masista miaka kumi na tisa, bila mashine, na jiko lako halikuwa na nzi. Nilikaa kwako miaka mitano na sikujifunza, kwa sababu sikutaka kujifunza. Najua tuliachana vibaya. Leo sina nguvu ya kuandika juu ya hilo. Nakuomba tu unifundishe. Mama mkwe anarudi kabla ya Ramadhani.

Nyumba yangu hujaiona. Hata siku ya ndoa yangu hukufika. Ungekuja, ungeniambia kwa macho yako mahali ninapokosea.

Binti yako, Rachida


Kabambare, 30 Januari 2024

Rachida, mtoto wa kaka yangu,

Wa aleikum salam. Goti liko pale pale, linatabiri mvua. Masista wamenipumzisha tangu mwaka jana, sasa nalima mihogo na kufuga bata sita ambao hawanisikii. Mwambie baba yako kwamba mimi ninasikia vizuri, ni yeye ambaye haandiki. Mbusu Amani. Kama anaanza jina kutoka mwisho, mwache, atafika tu mwanzoni.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeandika juu ya nzi, mende, beseni, lakini hukuandika una sahani ngapi. Hilo ndilo swali la kwanza. Nakwambia bila kuona: una sahani arobaini. Watu kumi na saba wenye sahani arobaini watachafua arobaini. Zifungie. Acha kumi na saba nje, na vikombe kumi na saba, na kila mtu awe na chake. Weka alama chini kwa ile rangi ya kucha. Mtu akikuta sahani yake haijaoshwa, atajua ni yeye aliyeiacha.

La pili, chombo kisilale kichafu. Ukishaipua chakula, weka sufuria ya maji juu ya makaa yaliyobaki. Wakati mnakula, maji yanapata moto bila kukugharimu kitu. Sufuria ya bugali usiitie maji ya moto, utaipika upya. Tia maji ya baridi mara moja, iache, baadaye ukoko utatoka wenyewe.

Mabaki yote yakwanguliwe kwanza, yaende kwa kuku. Watu wengi wanaosha chakula, hawaoshi sahani. Kisha mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la tatu lenye yale maji ya moto. Anza na vikombe, halafu vijiko, halafu sahani zisizo na mafuta, halafu za sombe, yale majani ya mihogo, na mawese, na sufuria za mwisho kabisa, kwa majivu na majani ya msasa. Maji ya sabuni yakiwa hayaonyeshi vidole vyako, yamwage. Usiyahurumie.

Usifute sahani kwa kitambaa. Nasema tena: usifute. Mwambie Mahamudu akujengee kichanja cha miti, kirefu hadi kifuani kwako, juani, na vyombo vikauke vyenyewe. Kitambaa cha kushikia sufuria kichemshe kila Ijumaa.

Na utahitaji shimo la maji machafu, ila usilichimbe pale chini. Nyuma ya jiko lenu ardhi inainamia mlangoni, maji yatakurudia. Chimba ng'ambo ya mchungwa, ujaze kokoto.

Habari ya ndoa yako tuiache.

Shangazi yako, Amisa


Kasongo, 22 Februari 2024

Shangazi yangu,

Salamu zako zimefika zote, na Amani amekubali kubusiwa kwa niaba yako. Hapa mvua hazitupi nafasi. Mzee, mjomba wa Mahamudu, alikohoa wiki nzima lakini sasa ameanza tena kugombana na redio, kwa hiyo tunajua amepona. Baba amenunua baiskeli ya mtu wa Nyangwe, haina breki, anasema ndiyo maana inakwenda.

Nilihesabu sahani. Arobaini na moja! Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nimefungia ishirini na nne katika sanduku la mama mkwe. Jioni ya kwanza shemeji yangu alisimama mlangoni.

"Sahani zingine ziko wapi?"

"Zinapumzika," nikamjibu.

Kichanja kimesimama. Mabeseni ni matatu. Lakini nisikufiche, siku ya nne mambo yaliharibika. Ilikuwa zamu ya Safi. Tangu barua yako tunapokezana siku, mimi na yeye, na hapo nilimkuta ameosha kila kitu katika beseni moja kama zamani. Nilipaza sauti. Naye akapaza.

"Uko mukubwa wa jiko sasa?" akasema. "Beseni tatu, sawa. Na maji? Nani anapanda na bidoni kutoka chemchemi? Si mimi? Wewe unaandikiwa barua, mimi ninabeba!"

Shangazi, alisema kweli. Wewe kwa masista ulikuwa na kisima uani. Sisi chemchemi iko bondeni, na kupanda na bidoni, lile dumu la lita ishirini, kunakata pumzi. Nilikuwa nimeongeza mabeseni bila kuongeza mikono.

Usiku ule nilimweleza Mahamudu. Kesho yake, baada ya chakula cha jioni, alisimama na sahani yake mkononi, mbele ya wote, akaenda nayo nyuma ya jiko, akaikwangulia kuku, akaiweka ndani ya beseni. Shemeji akamtazama kama mtu aliyeona mbuzi anavaa viatu.

"Kaka, wamekupa dawa gani?"

"Binti yangu alilala siku mbili na sindano mukononi," Mahamudu akasema. "Mimi nitabeba sahani yangu. Na asubuhi nitateremusha baiskeli kwa chemchemi. Bidoni mbili. Nani anakuja na mimi?"

Wapwa wawili waliinuka. Shemeji alikaa siku tatu akiacha sahani yake mezani, na hakuna aliyeigusa. Siku ya nne aliikuta na sisimizi. Tangu hapo anaibeba, ila anaibeba akiangalia pembeni, kana kwamba ni sahani ya mtu mwingine.

Safi sasa anapenda maji ya moto ya mwisho kuliko mimi. Anasema yanalainisha vidole. Na mwezi huu hakuna mtoto hata mmoja aliyeumwa tumbo.

Lakini nina swali. Umejuaje kwamba nyuma ya jiko letu ardhi inainama? Na mchungwa? Mimi sikuuandika. Nimemuuliza baba, anaapa hajakuambia.

Rachida


Kabambare, 8 Machi 2024

Rachida wangu,

Salamu kwa nyumba yote, na kwa mzee wa redio. Barua yako ilikawia: pikipiki ya Nourdine ilikatika mnyororo njiani, akalala kwa watu siku tano. Bata mmoja ameliwa na mbwa, wamebaki watano. Nimevuna mihogo kidogo. Niko salama.

Mwambie Safi kwamba amenifundisha. Miaka yote nilikuwa naona maji yanapatikana tu, kwa sababu kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka jikoni. Amefanya vizuri kukukemea.

Swali lako juu ya mchungwa nimelisoma. Leo nitakujibu lingine ambalo hukuuliza.

Uliniandikia kwamba hukujifunza kwangu kwa sababu hukutaka. Hapana. Ni mimi niliyekufundisha vibaya. Nilikuwa nakurudishia sahani moja mara tatu, mara nne, na wewe mtoto wa miaka kumi na moja umesimama na mikono imekunjamana kwa maji. Sikukuambia kwa nini. Miaka yote ile sikumwambia mtu yeyote.

Mwaka 2009, kabla baba yako hajakuleta kwangu, wasichana thelathini na mmoja waliugua bwenini kwa usiku mmoja. Kutapika, kuharisha. Mmoja, anaitwa Estelle, tulidhani amekwisha, padri aliitwa. Nilikuwa namwosha miguu ikiwa baridi kama mawe ya mto. Mimi nilijua ni nini. Siku ile mvua ilinyesha, vyombo havikukauka, na mimi nilikuwa na haraka. Nilichukua kitambaa nilichopangusia sakafu, nikakisuuza tu, nikafuta nacho sahani zote sitini.

Sista Anastasie aliponiuliza, nilisema labda ni kisima. Nikasema hivyo, Rachida. Wakachimba kisima kipya. Watu walichimba wiki sita kwa sababu ya uongo wangu, na Sista alinishukuru kwa kuwa na macho makali.

Estelle alipona. Leo ni mwalimu, ana watoto, akipita ananisalimu kwa mikono miwili. Na mimi kila nilipokuona wewe juu ya beseni, nilikuwa naona miguu yake. Ndiyo sababu nilikurudisha na kukurudisha. Ungejua, labda usingenichukia. Au ungenichukia kwa sababu nyingine, lakini ingekuwa ya haki.

Mwaka jana, siku nilipopumzishwa, nilimweleza Sista yote. Amezeeka. Alisema kisima kile kipya kina maji matamu kuliko cha zamani, akanishika kichwa. Basi.

Ramadhani njema. Mama mkwe wako akirudi, usianze kumweleza. Mwache aone mwenyewe.

Amisa


Kasongo, 29 Machi 2024

Shangazi,

Tunafunga salama. Mapacha wa Kindu wanakua, mama mkwe ameleta picha zao, na kila mgeni anaonyeshwa mara mbili. Amani anafunga mpaka saa nne asubuhi halafu anauliza kama jua limezama upande mwingine wa nyumba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimeificha mahali ambapo hakuna mtu atafika. Nitakujibu hapo chini, niache kwanza nikuambie ya mama mkwe, maana nimeshindwa.

Alifika siku mbili kabla ya mfungo. Aliingia jikoni, akatazama kichanja, akatazama mabeseni, akafungua sanduku lake akakuta sahani. Akasema tu, "Kumbe sahani nazo zimejengewa kitanda." Akacheka, nikadhani yamekwisha.

Jumatatu, baada ya futari, alitaka kutusaidia. Akakaa kwenye kigoda, akavuta beseni moja, akatia vikombe, sahani na sufuria ya uji pamoja, kama alivyofanya maisha yake yote. Mimi na Safi tuliangaliana. Nilikumbuka ulivyosema nimwache. Nikamwacha. Lakini Amani alikuwa pale.

"Bibi," akasema, "hiyo maji imekufa. Ndiyo ile ilinifanya niumwe."

Mama mkwe aliacha kijiko kikazama. Aliinuka, akafuta mikono, akaingia chumbani mwake. Siku tatu hakukanyaga jikoni. Anasali, anafuturu, anashukuru, anarudi ndani. Jana baada ya futari nilimpelekea chai akaniambia, "Nililea watoto wanane kwa beseni moja. Leo najifunza kwamba nilikuwa nawapa sumu." Mwanamke huyu alinipokea nikiwa na miaka kumi na nane, hajanitukana hata siku moja. Nifanye nini?

Sasa lile lingine.

Mimi sikukuchukia. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mtoto ni kubwa kuliko mwili wake. Siku ile ya Idi, wageni wamejaa, uliponirudishia lile sinia kubwa, nilikwambia mbele yao: mimi si boyi yako, ungekuwa umezaa usingenitesa hivi. Maneno haya nimeyabeba miaka tisa. Kila nilipotaka kukuandikia yalikaa juu ya karatasi kabla ya salamu. Ulikuwa umenivisha, umenilipia masomo, umekesha na mimi nilipougua surua, na mimi nikakupiga mahali ambapo hapana ngozi. Nisamehe, Shangazi. Hakuna lingine la kusema.

Lakini niambie kweli. Ni maneno yale yaliyokuzuia kuja kwenye ndoa yangu? Siku nzima nilikuwa naangalia lango. Walinipaka hina, wakaimba, na mimi naangalia lango.

Rachida


Kabambare, 16 Aprili 2024

Mtoto wangu,

Idi imepita vizuri. Nilikula kwa jirani, nyama ya mbuzi, na wali wao ulikuwa na mawe mawili, nikayaweka pembeni kwa heshima. Goti limetulia kwa sababu mvua zinapungua.

Nimekusamehe zamani. Siku ile ile, jioni, wakati nilipoona umeondoka na mfuko wako mdogo na hujachukua sweta. Nilikasirikia sweta, sikukukasirikia wewe.

Ulikuwa unaangalia lango. Mimi sikupita langoni.

Nilikuja, Rachida. Nilitoka Kabambare siku mbili kabla, nikalala kwa mtu ninayemfahamu pale Kasongo. Asubuhi ya ndoa nilivaa kitenge changu cha kijani, nikafika karibu na kwenu, nikasikia ngoma. Nikajiambia, akiniona atakumbuka sinia, atakumbuka wageni, na leo ni siku yake ya kucheka. Nikazunguka nyuma. Kulikuwa na wanawake wanaosha vyombo chini ya mchungwa, milima ya sahani, na mikono haitoshi. Nikakunja kitenge, nikakaa. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mwanamke anayeosha vyombo kwenye sherehe haulizwi.

Niliosha mpaka usiku. Maji yalikuwa yanarudi mlangoni kila tukiyamwaga, ndiyo maana naijua ile ardhi. Kupitia dirisha la jiko nilikuona mara moja, walipokupitisha kwenda kusalimia wazee. Ulikuwa umevaa nguo ya dhahabu, na ulikuwa unatembea vizuri, taratibu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Hilo ndilo nililolifuata, na nililipata. Asubuhi nikapanda pikipiki nikarudi.

Nilikosea. Leo naona hivyo. Nilidhani nakuachia furaha yako, kumbe nilikuacha unaangalia lango.

Kuhusu mama mkwe wako. Usimfundishe, na usimwombe radhi kwa sababu ya mtoto kusema kweli. Mwambie tu haya: zamani watoto wake walikuwa wanane, na yeye aliwaosha, aliwapikia, aliwaangalia mwenyewe. Sasa mko kumi na saba. Beseni halikuwa baya, watu ndio wameongezeka. Na muulize, polepole, siku nzuri, kama anamkumbuka mwanamke wa kitenge cha kijani aliyeosha naye siku ya ndoa yako. Tulikuwa beseni moja, mimi na yeye. Sikumwambia jina langu.

Amisa


Kasongo, 5 Mei 2024

Shangazi, Shangazi,

Leo salamu nitaziandika mwisho, zinisamehe.

Nilisubiri Ijumaa, mama mkwe alipotoka kusali na uso wake umetulia. Nilimletea chai, nikamwambia yale uliyosema juu ya wanane na kumi na saba. Alikoroga sukari muda mrefu. "Nani amekuambia hivyo?" akauliza. Nikasema, shangazi yangu wa Kabambare. Kisha nikamuuliza juu ya mwanamke wa kitenge cha kijani.

Alikiweka kikombe chini.

"Yule mwanamuke!" akasema. "Yule! Alimwaga maji yangu mara tatu! Nilitia maji, anamwaga. Nilitia tena, anaangalia vidole vyake ndani, anamwaga. Nikamuuliza, 'Mama, hii maji imekukosea nini?' Akasema, 'Haionyeshi vidole.' Nilitaka kumufukuza. Lakini alikuwa anaosha kama watu wawili, na alikuwa analia, nikafikiri labda amefiwa. Sikumufukuza. Nilimupa wali."

Nikamwambia, "Mama, ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Alinitazama. Halafu machozi yakamtoka, yeye ambaye hata msibani tunamtafutia machozi. "Nilimulisha wali wa ukoko," akasema. "Mama ya bibi harusi, nilimupa ukoko, na akakaa chini!" Na sasa yeye analia, mimi nalia, Safi anaingia anauliza nani amekufa, tunashindwa kumjibu, naye anaanza kulia kwa usalama wake.

Jioni ile mama mkwe aliingia jikoni. Alikaa kwenye kigoda mbele ya beseni la tatu, lile la maji ya moto, akasema hilo ni lake, na mtu asiliguse. Sufuria ameendelea kuzisugua kwa njia yake, kwa mchanga na nguvu, na nakiri zinang'aa kuliko zangu. Amani anampa vikombe kimoja kimoja. Bibi anaviangalia juani kwanza, anafunga jicho moja, kama mnunuzi wa dhahabu.

Aimée alikuja kumchanja mdogo wake Amani. Aliingia jikoni bila kuambiwa, akakaa kidogo, akaomba maji ya kunywa. Akayanywa yote kutoka kikombe chetu.

Sasa sikiliza. Mwezi ujao tunamfanyia mtoto mdogo wa Safi akika yake iliyochelewa, na mama mkwe amesema hakuna mbuzi atakayechinjwa kabla wewe hujafika. Amesema neno kwa neno: "Aingie kwa lango. Nitakuwa hapo." Nauli amempa Nourdine mwenyewe, naye Nourdine ameapa hataila.

Salamu nyingi kutoka kwa wote kumi na saba.

Rachida wako


Kabambare, 27 Mei 2024

Rachida, binti yangu,

Wa aleikum salam kwa watu kumi na saba. Bata nimewaacha kwa jirani, mihogo itanisubiri ardhini, ndiyo uzuri wake. Nourdine amekuja na kofia ya pili ya pikipiki, inanibana masikio lakini amekataa nipande bila hiyo.

Anatangulia na barua hii, kisha atanirudia; nitaondoka Jumanne ya wiki ijayo, tukijaliwa nitafika Alhamisi. Nitakaa wiki mbili. Mwambie mama mkwe wako kwamba ule wali ulikuwa mtamu, na ukoko ndio ninaoupenda, kwa hiyo asijisumbue kulia tena. Sweta yako bado ninayo. Haitakuenea, lakini labda Amani.

Nina ombi moja, na ni la kweli, usilicheke. Maisha yangu yote nimekula nimesimama, au nyuma ya nyumba, au baada ya watu wote. Nikifika kwako niwekee kiti sebuleni. Niletee sahani mwenyewe, kwa mikono yako. Nitakula taratibu, nitaongea na wazee, nitaomba kuongezwa. Nikimaliza nitaacha sahani pale pale mbele yangu, sitainuka, nami nitasubiri binti yangu aje aichukue.

Amisa